Luigi Broglio, jenerali wa Italia aliyeifuata ikweta hadi bahari ya Malindi

Gari linalotoka Butembo kuelekea Lubero huvuka ikweta kabla abiria hawajachoka. Hakuna kinachobadilika pale. Vilima ni vile vile, mikaratusi ni ile ile, na dereva anaendelea kulalamikia barabara. Kwa wengi wetu mstari huo ulibaki darasani, katika somo la jiografia. Lakini kulikuwa na mtu mmoja huko Roma ambaye, miaka zaidi ya 60 iliyopita, aliutazama mstari huo kwenye ramani na kuona mali ambayo nchi yake haikuwa nayo.

Mtu huyo aliitwa Luigi Broglio. Alikuwa mhandisi, mwalimu wa chuo kikuu na jenerali wa jeshi la anga la Italia. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Waitaliano humwita baba wa safari zao za anga. Huku kwetu jina lake halijulikani, ingawa kazi yake kubwa aliifanya Afrika Mashariki, kwenye pwani ile ile ambako mizigo ya wafanyabiashara wa Butembo hushushwa kabla ya kupanda malori kupitia Malaba, Kampala na Kasindi. Ukifika Mombasa, badala ya kugeuka kuja bara, fuata pwani kuelekea kaskazini. Utapita Malindi, halafu utafika kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Ukisimama ufukweni na kutazama baharini, utaona majukwaa ya chuma yaliyoshika kutu, yakiwa yamesimama juu ya miguu yao ndani ya maji. Hayo ndiyo aliyoyaacha.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na Venice. Familia yake ilihamia Roma akiwa bado mtoto mdogo. Alisoma Chuo Kikuu cha Roma na mwaka 1934 akapata shahada ya uhandisi wa ujenzi. Elimu hiyo ya madaraja na nguzo haikupotea, kama tutakavyoona. Baadaye aliingia kikosi cha wahandisi wa jeshi la anga na kufanya kazi katika kituo cha utafiti cha Guidonia, nje kidogo ya Roma. Baada ya vita vya pili vya dunia alirudi kufundisha, na mwaka 1952 akakabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege ya chuo kikuu hicho, akipokea kiti cha Gaetano Arturo Crocco, mzee aliyewafundisha Waitaliano kuwaza habari za roketi tangu zamani.

Italia ya wakati ule ilikuwa nchi iliyoshindwa vitani. Mamilioni ya watu wake walikuwa wakihamia nchi nyingine kutafuta kazi za migodini na viwandani. Fedha za kuchezea roketi hazikuwepo. Hata hivyo mwaka 1956 jeshi la anga lilimpa Broglio kazi ya kuanzisha uwanja wa majaribio ya makombora huko Salto di Quirra, kisiwani Sardinia. Mwaka 1961 kutoka uwanja huo yeye na watu wake walirusha roketi ndogo zilizobeba madini ya sodiamu. Roketi zilipofika juu sana zilimwaga mvuke wa sodiamu uliong'aa angani, na kwa kuutazama ulivyosukumwa walijua upepo wa huko juu unavumaje.

Kufikia hapo dunia ilikuwa imeshapata habari mpya kuhusu anga. Mwanzoni mwa mwaka 1958 Wamarekani walirusha setilaiti yao ya kwanza, Explorer 1. Ndani yake James Van Allen, profesa wa Iowa, alikuwa ameweka kifaa cha kuhesabu chembe zinazopita angani. Kifaa hicho kilipofika juu sana kilinyamaza. Baadaye walielewa kwamba kilizidiwa: chembe zilikuwa nyingi kiasi kwamba kilishindwa kuzihesabu. Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa kwamba dunia yetu imezungukwa na mikanda ya chembe zenye umeme, zilizonaswa na sumaku ya dunia. Leo tunaiita mikanda ya Van Allen.

Hapa inabidi tueleze kidogo, maana bila hili maisha ya Broglio yataonekana kama hadithi ya mtu aliyependa kurusha vitu juu. Dunia ni sumaku. Dira inalijua hilo, na ndiyo maana sindano yake huelekea kaskazini. Nguvu ya sumaku hiyo haiishii kwenye ardhi, bali inaenea angani maelfu ya kilomita, kama kiputo kikubwa kilichotuzunguka. Nje ya kiputo hicho kunavuma upepo utokao kwenye jua. Si upepo wa hewa tunayoivuta. Ni plazma, yaani gesi iliyopata joto kali hadi atomi zake zikavunjika, elektroni zikaenda zake na sehemu iliyobaki ikawa na umeme wa aina nyingine. Aliyewahi kumtazama fundi akichomelea chuma ameiona plazma, na radi nayo ni plazma. Jua linapochafuka, upepo huo unakigonga kiputo chetu, sehemu ya nguvu zake inaingia ndani, na chembe zilizonaswa zinaanza kuizunguka dunia kwa wingi. Zile zenye chaji chanya hupeperuka kuelekea magharibi, elektroni huelekea mashariki. Zote pamoja zinafanya mkondo wa umeme ulioizunguka dunia kama pete. Wataalamu huiita hali hiyo dhoruba ya sumaku.

Pete hiyo imekaa wapi? Juu ya ikweta. Anayetaka kuichunguza vizuri anahitaji setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, ikiingia ndani ya pete na kutoka, mzunguko baada ya mzunguko. Ikirushwa kutoka Florida, njia yake itakuwa imeinama angalau nyuzi 28 na nusu. Kuinyoosha hadi iwe sambamba na ikweta kunahitaji nguvu nyingi ambazo roketi ndogo haina. Tena ardhi ya ikweta inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Wamarekani na Warusi, pamoja na utajiri wao wote, hawakuwa na uwanja mahali kama hapo.

Broglio aliliona pengo hilo. Aprili 1961, katika mkutano wa wanasayansi wa anga uliofanyika Florence, alieleza mpango wake: Italia itengeneze setilaiti yake, Marekani itoe roketi, na Waitaliano wenyewe wairushe kutoka jukwaa lililosimama baharini, kwenye ikweta. Jukwaa la chuma baharini halikuwa jambo geni kwa wachimbaji wa mafuta. Kwa mhandisi wa ujenzi lilikuwa hesabu ya kawaida. Lakini hakuna aliyekuwa amepeleka setilaiti angani kutoka juu ya kitu cha namna hiyo. Akiwa pamoja na Edoardo Amaldi, mwanafizikia mashuhuri, aliusukuma mpango hadi serikali ya waziri mkuu Amintore Fanfani ikaukubali mwaka huo huo.

Mwaka 1961 una kumbukumbu nyingine inayotuhusu sisi wa mashariki ya Congo, na sidhani kama Broglio aliisahau. Novemba mwaka huo, Waitaliano 13 wa jeshi la anga, waliokuwa wakisafirisha mizigo ya Umoja wa Mataifa, waliuawa Kindu. Walikuwa wa jeshi lile lile alilolitumikia Broglio. Tarehe inayokumbukwa ni 11 Novemba, siku aliyotimiza miaka 50. Italia nzima ililia, na jina la Kindu hadi leo halijasahaulika Pisa, walikotoka wanajeshi wale. Wakati huo huo, ofisini mwake, mpango uliokuwa mezani ulihitaji kupeleka vijana wengine wa Italia katika Afrika ile ile. Mpango haukusimama.

Mwaka 1962 makubaliano na Marekani yalitiwa saini. Hayakuwa ya kuuziana. Marekani ilitoa roketi za Scout na mafunzo, Italia ikatoa setilaiti, uwanja na watu, na matokeo ya utafiti yakawa ya wote wawili. Jina la mpango lilikuwa San Marco, mtakatifu msimamizi wa Venice. Shirika la mafuta la ENI, lililokuwa likiongozwa na Enrico Mattei, lilitoa jukwaa moja la kuchimbia mafuta, lenye umbo la pembetatu. Broglio aliliita Santa Rita. Waamini wa jimbo katoliki la Butembo-Beni hawahitaji kuelezwa: Rita wa Cascia ndiye anayeombwa katika mambo yasiyowezekana. Jukwaa la pili, lililopatikana kutoka jeshi la Marekani, ndilo lililoitwa San Marco. Kazi ziligawanywa: San Marco ni la kurushia, Santa Rita ni la kuongozea. Yote mawili yakasimamishwa katika ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, nyuzi 3 hivi kusini ya ikweta.

Kabla ya kwenda huko, Waitaliano walitakiwa waonyeshe kwamba kazi wanaijua. Tarehe 15 Desemba 1964, kutoka kisiwa cha Wallops, jimbo la Virginia, kikosi cha Broglio kilirusha setilaiti ya San Marco 1. Roketi ilikuwa ya Kimarekani, ardhi ilikuwa ya Kimarekani, lakini mikono iliyoirusha ilikuwa ya Waitaliano. Kwetu huku, siku hiyo, Kisangani ilikuwa imetimiza wiki 3 tangu itolewe mikononi mwa waasi wa Simba. Sidhani kama kuna mtu Beni aliyekuwa na muda wa kusikiliza habari za setilaiti.

Ndani ya San Marco 1 kulikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe, ambacho bado kinaitwa mizani ya Broglio. Ganda la nje la setilaiti halikufungwa moja kwa moja kwenye kiini chake. Liliunganishwa nacho kwa mikono inayonesa kama springi. Hewa ya huko juu ni nyembamba mno, lakini inapoligonga ganda inalisogeza kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Kifaa kilipima mwendo huo mdogo, na kutoka hapo ukapatikana uzito wa hewa mahali ambapo watu wengi wangedhani hakuna hewa kabisa. Naipenda mizani hii kuliko mambo mengine yote aliyoyafanya. Ni akili ya fundi: ukitaka kujua nguvu ya upepo, pima unavyolisukuma pazia.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilirushwa kutoka baharini mbele ya Ngomeni. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka ukanda wa ikweta, na kutoka jukwaa la baharini. Watu wa Ngomeni, ambao walikuwa wakienda na mitumbwi yao kuvua katika maji hayo, waliona moto ukipanda kutoka katikati ya bahari.

Baada ya hapo Wamarekani walianza kuomba nafasi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti yao ilirushwa kutoka San Marco, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta vyanzo vya miale ya eksirei angani, na ilipomaliza ilikuwa imeorodhesha 339. Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani na kuongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa nini walikuja hadi Malindi? Kwa sababu ya sumaku tena. Mikanda ya Van Allen huteremka karibu na dunia juu ya kusini mwa Atlantiki, na setilaiti ipitayo hapo hupigwa na chembe hadi vipimo vyake vinachafuka. Ikizunguka chini juu ya ikweta, inalikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa.

Mwaka uliofuata ilikuwa kinyume. Walitaka setilaiti iingie ndani ya chembe hizo kwa makusudi.

Setilaiti hiyo iliitwa Explorer 45. Ilirushwa tarehe 15 Novemba 1971, siku 19 baada ya nchi yetu kubadilishwa jina na kuwa Zaïre. Ilikuwa na uzito wa kilo 52 hivi, zaidi kidogo ya mfuko mmoja wa saruji. Njia yake ilikuwa ndefu kama yai: ilishuka hadi kilomita mia mbili na kitu juu ya ardhi, halafu ikapanda hadi kilomita 27,000 hivi, ikarudi, kila baada ya saa 8 kasoro kidogo. Kwa hiyo karibu mara 3 kwa siku iliikata ile pete ya umeme ikipanda, na ikaikata tena ikishuka. Ilibeba vifaa vya kupima nguvu ya sumaku, nguvu ya umeme, mawimbi, na idadi ya protoni na elektroni za kila kiwango cha nishati.

Haikungoja sana. Katikati ya Desemba 1971, mwezi mmoja tu baada ya kurushwa, dhoruba kubwa ya sumaku ilitokea, na Explorer 45 ilikuwa ndani yake. Vipimo vya siku hizo vilisomwa kwa miaka mingi. Vilionyesha chembe zikisukumwa kutoka upande wa usiku kuja karibu na dunia, pete ikijaa kwa saa chache, kisha ikipungua polepole kwa siku kadhaa. Vilionyesha pia jambo ambalo halikuwa limeonekana waziwazi kabla. Chembe haziingii zote kwa kina kimoja. Kuna kundi la nishati ya wastani linalopenya ndani zaidi kuliko zile dhaifu na zile zenye nguvu nyingi. Wanasayansi walipochora jambo hilo kwenye karatasi, mchoro ulitokeza mbele kama pua, na wakaliita hivyo hivyo: pua. Jina hilo bado linatumika katika makala za fizikia ya anga.

Lipo pia ambalo Explorer 45 haikuweza. Kwa chembe za nishati inayobeba sehemu kubwa ya pete, vifaa vyake havikuwa na njia ya kutenganisha protoni na chembe nyingine zenye chaji chanya. Watu walidhani pete yote ni protoni. Miaka ya 1980 setilaiti za mpango wa AMPTE zilionyesha kwamba wakati wa dhoruba kubwa kuna oksijeni nyingi ndani yake, na oksijeni hiyo inatoka kwetu, inavutwa kutoka hewa ya juu ya dunia yenyewe. Explorer 45 ilifanya kazi hadi Septemba 1974.

Msomaji wa Beni anaweza kuuliza pete hiyo inamsaidia nini. Swali ni la haki. Rubani anayetua Mavivi anatumia GPS. Mpima ardhi anayeweka mipaka ya shamba la kakao anatumia GPS. Mashirika yanayofanya kazi porini mahali pasipo na mnara yanatumia simu za setilaiti. Mawimbi ya vyombo hivyo yote yanapita katika plazma iliyo juu ya vichwa vyetu, na katika ukanda wa ikweta plazma hiyo hupenda kutoboka mapovu baada ya jua kutua, hata siku ambazo hakuna dhoruba. Mawimbi yanapopita kwenye mapovu yanatikisika, na kipimo kinapotea au kinahama. Mei 2024, dhoruba kubwa kuliko zote katika miaka 20 ilipotokea, wakulima wa Marekani wanaopanda mahindi kwa matrekta yanayoongozwa na GPS walilazimika kusimama.

Na mizani ya Broglio je? Februari 2022 kampuni ya Starlink, ambayo jina lake sasa linajulikana hata kwetu, ilirusha setilaiti 49. Siku iliyofuata ilikuja dhoruba ya sumaku, tena ndogo. Hewa ya juu ikapata joto, ikavimba, ikawa nzito zaidi mahali setilaiti zilipokuwa. Karibu 40 kati yake zilishindwa kupanda, zikaanguka na kuungua. Uzito wa hewa ile nyembamba, ambao mzee yule alijitahidi kuupima tangu mwaka 1964, uligharimu kampuni tajiri mamilioni ya dola kwa siku chache.

Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka San Marco, pamoja na roketi nyingi ndogo za utafiti. Za Broglio mwenyewe ziliendelea kupima hewa ya juu: San Marco 3 mwaka 1971, San Marco 4 mwaka 1974. Waingereza nao walikuja na Ariel 5 mwaka 1974. Halafu pakapoa. Tangu Mei 1975 hadi Machi 1988 hakuna setilaiti hata moja iliyorushwa, na ile ya 1988 ndiyo ikawa ya mwisho.

Sababu hazikuwa za siri. Nchi za Ulaya zilikuwa zimejenga uwanja wao Kourou, Guyana ya Ufaransa, nao uko karibu na ikweta, na kuanzia mwaka 1979 roketi za Ariane ziliruka kutoka huko. Setilaiti zilikuwa zimekuwa kubwa kuliko uwezo wa Scout. Broglio alitaka Scout iboreshwe, iwe na nguvu zaidi, na Malindi ifufuliwe. Shirika la anga la Italia lilipoundwa mwaka 1988 aliingia katika baraza lake, lakini mawazo ya wakubwa yalikuwa kwingine. Italia ilikuja kupata roketi yake ndogo, Vega, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2012, ikitokea Kourou. Broglio alikuwa ameshakufa miaka 11. Alimaliza uzee wake akiona majukwaa yake yakila kutu, na nadhani hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Baada ya kifo chake kituo cha Malindi kilipewa jina lake.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao wasifu wake wa Kiitaliano haukai nao sana. Ikweta haikuwa ya Italia. Wakenya waliajiriwa kituoni kama mafundi, walinzi na wahudumu, lakini kwa miaka mingi walilalamika kwamba data zinaondoka, faida inaondoka, na wanaobaki ni wavuvi wanaokatazwa kusogea karibu na majukwaa. Mazungumzo ya mkataba mpya yalivutana kwa miaka. Ulitiwa saini Oktoba 2016, mjini Trento, na Kenya ilidai humo mafunzo, data na sehemu ya mapato. Broglio hakuwa mtu mbaya, kwa ninavyoona. Alikuwa mtu wa zama zake: aliiomba nchi ruhusa ya kutumia bahari yake, akaleta sayansi ya kweli, lakini hakuwahi kuuliza kwa sauti kubwa ni lini mwenye bahari atarusha chake.

Wacongomani tusicheke wengine. Mwaka 1976 serikali ya Mobutu ilikodisha kwa kampuni ya Kijerumani, OTRAG, eneo la kilomita za mraba 100,000 huko Shaba. Roketi chache za majaribio ziliruka mwaka 1977 na 1978, majirani na Umoja wa Kisovieti wakapiga kelele, na mwaka 1979 kila kitu kikafungwa. Eneo hilo lilikuwa kubwa kuliko Kivu ya Kaskazini au ya Kusini kila moja peke yake, na halikutuachia hata chuo kimoja cha roketi. Ukilinganisha, Malindi ilipata zaidi.

Maana Malindi haikufa. Majukwaa yamekufa, lakini antena za nchi kavu zinafanya kazi. Zilipokea data za BeppoSAX kuanzia mwaka 1996, kisha za Swift na nyinginezo za Marekani. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Ilikuwa kisanduku cha kukaa mkononi, kilichoandaliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa chuo kile kile cha Roma alikofundisha Broglio.

Desemba 2021 Marekani na Italia zilirusha darubini ya eksirei iitwayo IXPE. Ilitakiwa izunguke juu ya ikweta kabisa, kwa sababu zile zile zilizoileta Uhuru pwani ya Kenya. Safari hii hakuna aliyekwenda baharini. Waliirusha kutoka Florida kwa roketi kubwa ya Falcon 9, roketi nzima kwa mzigo wa kilo mia tatu na kitu, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu zake ilihitajika kuinyoosha njia. Sasa inazunguka kwenye urefu wa kilomita 600, mara 15 kwa siku, ikielekea mashariki. Inapita juu ya barabara ya Butembo na Lubero, inavuka Uganda, na dakika 3 hivi baadaye iko juu ya pwani ya Kenya, ambako antena za kituo cha Luigi Broglio huipokea.